Bafta ya Foronya ya Chini

Nilifundisha hesabu katika skuli za Ibra kwa miaka ishirini na saba, na kishikio changu cha kwanza cha sufuria kilitoka na pembe tano. Mume wangu alikishika, akakizungusha, akazihesabu pembe kwa kidole mara mbili, kisha akaniuliza kama nilistaafu mwenyewe au niliombwa. Nikamnyang'anya. Nilikitundika ukutani jikoni, karibu na friji, ili kila akija kudokoa nyama akione.

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye viraka. Wenzangu waliostaafu pamoja nami walikwenda Umra, wengine wakaanza kutembea jioni na viatu vya raba kuzunguka uwanja wa mpira. Mimi kutembea bila ya kuwa na pa kwenda naona ni wazimu. Nikawa nalala chini ya AC natazama simu, na ndani ya simu nikamkuta mwanamke mwenye vidole vyembamba, anazungumza lugha nisiyoijua hata neno moja, anakata vitambaa vidogovidogo na kuviunga mpaka vinakuwa mfarishi mzima. Maneno yake sikuyafahamu, lakini mikono ilieleweka: juu viraka, katikati pamba, chini bitana, halafu sindano inapita zote tatu kwa pamoja. Nikasema, hili nami naliweza. Nilikuwa najidanganya.

Vitambaa vya juu havikunipa tabu. Kila Jumatano nilikwenda soko la wanawake, na wale mabibi wauza nguo wakanipa mabaki ya jalabia na mitandio bure, wakidhani nina mjukuu mwenye kazi ya mikono ya skuli. Sikuwasahihisha. Tabu ilikuwa bitana. Nilitaka kitu cheupe, laini, pamba tupu, na kila duka nililoingia walinitolea nailoni ya kutoa jasho hata kabla ya kuigusa.

Sasa, mama yangu anakaa nasi. Chumba chake ndicho bora kuliko vyote nyumbani, na ndani yake limo kasha la mbao alilokuja nalo kutoka Unguja, ambalo sisi watoto tulikatazwa kulikalia na mpaka leo hatulikalii. Mama ni fundi wa kofia, zile za vitobo, za kushona kwa mkono, miezi kwa kofia moja. Mpaka macho yalipompunguka, hakuna Idi iliyopita bila mjukuu mmoja kuvaa kofia mpya ya bibi. Na fundi wa kofia hakosi bafta nyeupe ya pamba. Nikamwendea.

"Mama, huna bafta nikaifanya bitana?"

Alikuwa anavuta tasbihi, hakunitazama. "Imo kashani. Chukua iliyomo ndani ya foronya. Lakini usinipekulie vitu vyangu."

Nikafungua kasha. Mlikuwa na foronya mbili: moja juu, ndogo, ya maua, na nyingine chini kabisa, nyeupe, nono. Nikatia mkono ile ya chini na kukuta bafta ya kutosha kuvika nyumba, imekunjwa vizuri, inanukia udi. Harufu ya udi haikunishtua. Nyumbani kwetu hata sabuni ya vyombo inanukia udi. Kwa nini nilichagua ile ya chini sina la kujitetea. Ilikuwa kubwa zaidi, na mimi nina choyo cha kitambaa.

Basi nikawa na bitana, na nani angenizuia tena. Nilishona vishikio vinne vingine, na pembe zikapungua mpaka nne, isipokuwa kimoja kilichokataa. Halafu nikashona nguo ya birika, ya kuzuia chai isipoe. Niliipima kwa macho, ikatoka kubwa kuliko birika na ndogo kuliko kitu kingine chochote nilichokijaribishia. Siku moja wageni wa mume wangu wamo majlisi, akawaingilia nayo kichwani, amebeba sinia la halwa, uso mkavu. Hakuna hata mmoja aliyethubutu kuuliza. Mmoja alimwambia mabruki, kama anayempongeza kwa kilemba kipya.

Mwezi wa tatu nikaishonea rimoti ya AC mfuko wake, wa miraba ya buluu na zambarau, na tangu siku hiyo rimoti haikuonekana tena. Haikupotea. Ilikuwa juu ya kochi mchana kutwa, watu wanaikalia wakidhani ni mto mdogo. Siku mbili nzima tuliganda kwa baridi, mama kajifunika mablanketi mawili na soksi za mume wangu, na mimi kimya, maana nilikwisha sema kuwa mfuko ule utaisaidia rimoti isipotee.

Dada yangu wa Nizwa nilimpelekea vile vishikio vinne na mkeka mdogo wa viraka niliouhangaikia wiki tatu. Akanipigia simu, sauti yote asali: "Mashallah, dada! Vitu vizuri hivi havitumiwi. Nimevitia ndani ya kabati la vioo." Nikanenepa kwa furaha. Kisha binti yangu wa Sur akajifungua mtoto wa kwanza, na nikamshonea mjukuu wangu mfarishi, na hiyo ndiyo kazi yangu pekee ambayo sikuionea haya. Ulinichukua miezi miwili. Hata mume wangu aliutandika juu ya meza, akauzunguka, akaitafuta pembe ya tano akaikosa, akaenda zake kudokoa nyama.

Ilikuwa Rajabu, siku moja, kabla ya adhuhuri, mama alipotaka kuchuja tui. Tui la kopo halitaki, na chujio langu anasema linapitisha mpaka vijiti. "Hebu nikatie kipande cha bafta kwenye kasha," akaniambia. "Ile ya kofia."

Nikaenda. Ndani ya foronya nyeupe kulikuwa kumebaki kipande kimoja tu, kirefu, nilichokuwa nakiwekea kazi nyingine. Sijui kwa nini nikaifungua ile ya maua. Humo mlikuwa na bafta. Ilikuwa imechorwa duara za kofia kwa penseli, na sindano ya mama ilikuwa ingali imechomekwa pembeni na uzi wake. Nilisimama nimeishika. Ikiwa bafta ya kofia ni hii, ile niliyoikata ilikuwa ya nini? Jibu nililijua kabla sijamaliza kujiuliza, nikakishusha kifuniko, nikalikalia lile kasha lisilokaliwa.

Mama na marehemu baba walihiji pamoja. Walinunua jora moja la bafta Makka, wakaligawa mara mbili, wakalirowesha kwa maji ya zamzam ndani ya ndoo ya hoteli, wakalikamua wao wawili, huyu kashika ncha hii na huyu ile, wakigombana ni nani anayegeuza upande usiofaa. Nusu moja sanda ya baba, nusu moja sanda ya mama. Ya baba ilikwisha tumika. Tulimzika nayo hapahapa Ibra, mwaka wa sita huu. Na mama ombi lake kwetu ni moja tu, halijabadilika: siku yake ikifika avikwe nusu yake, wakutane na mumewe wamevaa nguo ya jora moja. Na mimi nimeivika rimoti.

Utaniuliza, vipi nisiijue sanda ya mama yangu mwenyewe? Kila Shaaban huitoa, huianika juani, huifukiza udi, huirudisha. Kila mwaka. Na kila mwaka siku hiyo mimi hupata kazi ya ghafla jikoni. Nilikuwa sitaki kuiona. Niliogopa, ndiyo sababu, sina nyingine. Angekuwa mtu aliyeitazama japo mara moja, asingeikosea.

Nikakata bafta ya kofia, nikampelekea mama, akachuja tui lake. Wali ule sikuuonja.

Mume wangu nilimwambia jioni, tumejifungia ndani ya gari ili mama asisikie. Akauliza ni vitu gani hasa vimetiwa bitana hiyo. Nilipofika kwenye nguo ya birika akajishika kichwa, pale palepale alipoivalia. "Nimewaingia watu na sanda ya mkwe wangu," akasema. "Na wamenipa mabruki."

Shaaban ilikuwa wiki tatu mbele. Nikaamua kuvikusanya vyote, kila kipande, kisha nione. Kesho yake tukaenda Nizwa, na mume wangu akachagua njia ya Bidbid ingawa si ya karibu, kwa sababu pana kibanda cha chai ya maziwa anachokipenda na msiba wangu haukumwondolea kiu. Alikunywa vikombe viwili. Nilimtazama kwa jicho ambalo darasani lilikuwa likitosha kunyamazisha safu tatu, akaagiza na chapati.

Dada yangu alitupokea kwa ubani na mabusu. Nikamwambia nimekuja kuviazima vile vishikio na mkeka, nataka kunakili mishono. Akabadilika rangi. Nikaenda mwenyewe kwenye kabati la vioo. Mlikuwa na vikombe. Vishikio nilivikuta jikoni, vyeusi ti kwa masizi, kimoja kimeungua katikati.

"Na mkeka?"

"Mkeka upo," akasema.

"Upo wapi?"

"Upo, dada. Kaa kwanza unywe kahawa."

Mume wangu ndiye aliyeuona. Ulikuwa chini ya gari la dada yangu, umetandikwa vizuri pale mafuta yanapovujia. Umekwisha kunywa mafuta ya mwezi mzima.

Nikamwambia. Sikuwa na nia ya kumwambia, lakini hasira na huzuni zilipanda pamoja, zikatoka kwa mkupuo mmoja. Dada yangu alipiga ukelele, akakimbilia bombani, akanawa mpaka viwikoni.

"Sanda ya mama! Na mimi nimeepulia pilau kwayo! Wageni kutoka Bahla wamekula!" Kisha akageuka kunitazama, maji yanamchuruzika. "Wewe ni mwalimu. Mwalimu wewe! Foronya mbili tu zimekushinda?"

"Na wewe kabati lako la vioo ni hili lenye magurudumu?"

Tukatazamana. Tulianza kucheka wote wawili kwa pamoja, kicheko kibaya, cha kushikilia ukuta, kisha tukajiona tunacheka juu ya jambo gani, tukanyamaza.

Mfarishi wa mjukuu ulikuwa jambo jengine. Nilimpigia binti yangu kwa video. Amezaliwa huku na amekulia huku, Kiswahili chake anakipanga anavyotaka, lakini alinielewa vizuri sana.

"La, mama, sikupi. Mtoto yangu halali bila hii mfarishi, wallah. Anashika pale chini, ile nyeupe, anatia mdomoni, ananyonya ananyonya, khalas, kalala."

Akanionyesha. Mjukuu wangu, mashallah, mashavu mawili, amelala na ncha ya sanda ya bibi mzaa bibi yake kinywani. Nilifunga simu bila kuaga.

Wazo la kupika sanda nyingine, ya uongo, lilikuwa la dada yangu. Alikuwa na dumu la zamzam lililobaki kutoka Umra, na akaapa kuwa bafta ni bafta, na macho ya mama yamepunguka, na kumficha mzazi jambo litakalomuumiza si dhambi. Mimi nilitaka sana kuamini. Jumatano nikanunua bafta mpya, nyingi, nzuri. Nikairowesha ndani ya ndoo, tukaikamua mimi na mume wangu, naye akageuza upande usiofaa. Tukaianika darini, nikaifukiza udi mpaka mwenyewe nikakohoa, nikaikunja, nikaitia ndani ya foronya nyeupe, nikairudisha chini ya kasha. Kile kipande kirefu cha asili kilichobaki nilikitia kwenye kapu pamoja na mabaki ya aibu yangu, nikalificha kapu chini ya kitanda. Wiki ile nzima mama kila akiniita niliruka.

Siku ya kuanika ikafika. Mara hii sikuthubutu kukimbilia jikoni. Niliogopa kumwacha peke yake na ile nguo. Nikakaa karibu yake kwenye jamvi, nikimsaidia kuikunjua. Mama akaipitisha vidoleni polepole, pindo kwa pindo, kama anavyokagua kofia ya mtu mwengine. Akafika mwisho. Akaanza tena.

"Hii imekatwa kwa mkasi," akasema.

Nikazidi kuikunjua, ingawa ilikuwa imekwisha kunjuka.

"Yetu baba yako aliichana kwa mikono. Palipokataa, akatia meno. Nikamwambia, mwanamme wewe, tumo Makka, huna haya? Ukingo wake ulipinda hivi." Akauchora hewani kwa kidole, ukingo mbaya kabisa, uliopinda mara tatu. "Hii si yangu, mwanangu."

Nina miaka karibu sitini. Nilisema yote kwa pumzi moja, kichwa chini, kama mwanafunzi aliyekamatwa na majibu kiganjani: foronya mbili, choyo changu, vishikio, birika, rimoti, mafuta ya gari, pilau ya Bahla, ndoo, dumu la dada. Nilipomaliza nikangojea. Mama hakupiga kelele. Alisema neno moja tu.

"Vilete."

Nikalileta kapu. Akakitoa kila kitu na kukipanga mbele yake juu ya jamvi. Kishikio cha kwanza alikigeuza juu chini, akaukaribisha mshono machoni mpaka pua ikagusa.

"Nani kakupigia bandi hizi?"

"Mimi mwenyewe, mama."

"Sanda yangu umeikata, haya. Umeitia moto, haya. Lakini bandi gani hizi? Moja huku Muttrah, moja kule Salala. Binti wa fundi wa kofia!" Akachukua kingine. "Na hiki kina pembe ngapi? Laa haula. Na huu mkeka ulifaa kweli kuwekwa chini ya gari, dada yako hakukosea." Nguo ya birika aliivaa mkononi, akaitazama pande zote, akauliza ni ya mnyama gani. Nyuma ya mlango nikasikia mume wangu anajizuia kucheka na anashindwa.

Kisha akaukuta mfuko wa rimoti. Akaupindua ndani nje, mpaka ile nyeupe ikawa juu, safi, haijapata doa. Akaiweka kwenye shavu. Na hapo mama akalia. Mama halii; siku ya kumzika baba alitupikia sisi. Nililia na mimi, kwa haya na kwa uchungu wa kumwona, nikamshika miguu, nikimwomba radhi maneno yasiyo na mpango. Alikiweka kiganja chake juu ya kichwa changu akakiacha pale, kizito, mpaka nikatulia.

"Nyingine iko wapi?" akauliza baadaye, akipangusa pua. Nikamwambia juu ya mfarishi wa Sur, na mtoto anavyounyonya.

"Huo usiuguse. Na yeye ni damu ya baba yako."

Akakinyanyua kile kipande kirefu kilichobaki, akautafuta ukingo, akauona umepinda. Akasogea mbele ya kioo cha kabati, akajizungushia kichwani, akakifunga chini ya kidevu, akajitazama upande huu na upande huu, kama mwanamke anayejaribu mtandio dukani. Nilitaka kuyageuza macho. Nikayazuia yakae.

"Kinatosha cha kichwa," akasema. "Kwengine kote nivikeni hii yako ya Jumatano. Baba yako uso ndio atakaoutazama, hatapekua."

Tukaikunja pamoja, bafta mpya chini, kipande cha kichwa juu yake. Mabaki mengine akaniamuru niyafue, kisha nimletee, atanionyesha bandi inavyopigwa. Akatia foronya kashani, akafunga kifuniko, akamwita mume wangu amletee kufuli. Kasha lile sijapata kuliona limetiwa kufuli tangu kuzaliwa kwangu. Mume wangu akaleta kufuli la geti, kubwa kama ngumi. Mama akalibana, akalivuta mara mbili kuhakikisha, akanitazama, akalivuta mara ya tatu.

Kisha akaushika mkono wangu, akanitia ufunguo kiganjani, akavikunja vidole vyangu kimoja kimoja juu yake.

"Mama, si umenifungia mimi?"

"Ndiyo, nimekufungia wewe," akasema. "Lakini siku hiyo mimi sitaweza kulifungua."